Mwalimu wa Madrasa Anakula Nini?

Kijitabu cha elimu kwa wazazi, wadhamini na wachangiaji wa madrasa za mitaani

Kijitabu hiki ni cha nani

Madrasa nyingi za mitaani hazianzi na jengo. Huanza na mtu mmoja anayejua kusoma, mkeka uliotandikwa barazani, na watoto wa majirani. Watoto wakiongezeka na baraza ikaelemewa, kamati inazaliwa. Kamati ikishazaliwa, cha kwanza inachokitafuta ni kiwanja, cha pili ni mabati. Mwalimu hatajwi, kwa kuwa tayari yupo.

Tunazungumza na mzazi anayempeleka mtoto madrasa, na mdhamini aliyekabidhiwa mali, na mchangiaji. Mchangiaji huyo anaweza kuwa jirani wa pale pale, au mzaliwa wa mtaa aliyeko Muscat, Dubai au London anayetuma pesa kila Ramadhani. Kwa wote hawa tuna jambo moja: jengo linaweza kungoja mwaka mzima lisidhurike sana, lakini mwalimu asiyelipwa hangoji, na hana sababu ya kungoja.

Tazama daftari la mapato na matumizi la madrasa ya kawaida. Ukurasa wa mwezi unakuwa hivi: saruji mifuko minane, mchanga tripu moja, ufundi, rangi ya mlango, chai ya wageni. Chini kabisa, kwa kalamu ya rangi nyingine: “Ustadhi – kikipatikana.”

Watu wetu hutoa saruji kwa moyo mweupe. Mfuko wa saruji unaonekana, na mtoaji akipita miaka kumi baadaye ataunyoshea ukuta kidole. Posho ya mwalimu huliwa ikaisha, na hakuna anayeiwekea kibao cha kumbukumbu. Basi ustadhi anaanza kuja siku tatu badala ya tano. Jioni nyingine yuko kwenye bodaboda, au anasimamia duka la mtu, na darasa la watoto arubaini limeachiwa mwanafunzi wa miaka kumi na minne ambaye naye bado anasomeshwa. Huko nyumbani mzazi anashangaa mbona mwanawe yuko Juzuu Amma mwaka wa tatu.

Waliotutangulia waliishije

Pwani yetu ina historia ndefu ya elimu iliyobebwa na watu binafsi. Mjini Unguja, Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki mwaka 1925, alisomesha nyumbani kwake Ukutani, na nyumba ile ikawa madrasa inayobeba jina lake. Lamu kwenyewe, Habib Swaleh, aliyefika kutoka Ngazija akiwa kijana, alisomesha mtaa wa Langoni watu ambao wakubwa wa mji hawakuwahesabu, wakiwemo waliotoka utumwani na wazao wao. Kutokana na darasa lake ukakua Msikiti wa Riyadha, ambao hadi leo hupokea wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na ambao watu humiminika kwake kila mwaka kwa Maulidi.

Wazee hawa husimuliwa sana kwa karama na ucha Mungu wao. Namna elimu yao ilivyolishwa husimuliwa kidogo. Kulikuwa na familia zilizojiweza, wafanyabiashara waliobeba gharama za wanafunzi, na wakfu: nyumba, mashamba ya minazi, hata vitabu. Baadhi ya miswada ya kale ya Riyadha ina maandishi ya wakfu kwenye kurasa zake, kuonyesha kwamba kitabu kile hakina mrithi wala hakiuzwi, ni cha wanaosoma. Mwalimu wa zamani aliyeonekana anafundisha bure, mara nyingi nyuma yake palikuwa na mnazi unaomwangushia nazi.

Mombasa, katika miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitumia magazeti yake, Sahifa na kisha Al-Islah, kuwakemea Waislamu wa Pwani kwa kuiacha elimu nyuma, akaanzisha Madrasatul Ghazali. Baadaye, kuanzia mwaka 1937 hadi kifo chake mwaka 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Ukiondoa majina na tarehe, malalamiko yake ungeweza kuyasikia kwenye mkutano wa kamati wa wiki iliyopita: pesa za sherehe hupatikana kwa siku moja, za elimu hutafutwa mwaka mzima.

Ujira wa kufundisha Qur’ani: inafaa?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi ndilo linalotumika kumnyima mwalimu. “Ustadhi anafundisha kwa ajili ya Mungu,” mjumbe atasema, na kikao kitahamia ajenda nyingine.

Wanazuoni walilijadili suala hili tangu karne za mwanzo. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Pwani, na yale ya Maliki, yanaruhusu mwalimu kupokea ujira wa kufundisha Qur’ani. Wanazuoni wa mwanzo wa Hanafi walizuia, lakini waliokuja baada yao wakaruhusu, na sababu waliyoitoa inatuhusu sisi leo: walimu walipokosa fungu lililokuwa likitoka hazina ya dola, ilihofiwa kwamba wataacha kufundisha na Qur’ani itapotea mikononi mwa watu. Kwa hiyo kumlipa mwalimu si jambo jipya, na halimpunguzii ikhlasi yake. Nia ya mtu iko moyoni mwake, kodi ya nyumba inamhusu mwenye nyumba.

Katika karne ya tisa, huko Kairouan, Tunisia ya leo, mwanachuoni Ibn Sahnun aliandika kitabu kizima juu ya adabu za walimu wa watoto. Humo alijadili ujira wa mwalimu, akataka watoto wa matajiri na wa mafukara watendewe sawa, na hakutaka watoto watumwe kwenye shughuli binafsi za mwalimu. Hili la mwisho bado lina kazi kwetu. Mwalimu asiyelipwa hujilipa kwa njia nyingine: watoto wanamchotea maji, wanampalilia shamba, au wanapita mitaani na bakuli la kuomba. Kamati ikiona hivyo isianze na kumgombeza. Ianze na daftari, iangalie mara ya mwisho ilimpa nini.

Pesa zitoke wapi

Njia ziko tatu na kila moja ina tatizo lake.

Ya kwanza ni ada. Ni ndogo, haina urasimu, na inamfunga mzazi: aliyelipa huuliza. Tatizo ni kwamba wasioweza kulipa ndio mara nyingi wanaoihitaji madrasa zaidi. Ada isiwe mlango wa kufukuzia mtoto. Tunashauri kamati iwe na orodha ya siri ya watoto waliosamehewa, mayatima na wa mama wajane wakiwa mbele, na jina la mtoto lisisomwe kamwe mbele ya wenzake. Mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada huona haya kurudi, na wengine hawarudi tena.

Ya pili ni mchango. Huu huja kwa mafuriko na kukauka. Ramadhani pesa zinaingia, watu wanatuma kwa simu, kundi la WhatsApp linajaa majina na dua. Mfungo mosi ukiandama, kimya. Kamati yenye busara hugawa mapato ya Ramadhani kwa miezi kumi na miwili kabla haijanunua chochote. Na hapa kuna kosa la kuepuka: kuchanganya zaka na sadaka katika mfuko mmoja. Zaka ina watu wake, makundi manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na wanazuoni wengi wa madhehebu manne hawaruhusu ijengee msikiti wala madrasa, ingawa wapo wa zama hizi waliopanua maana ya njia ya Mwenyezi Mungu. Mwanafunzi fukara aliyejishughulisha na elimu ya dini anaweza kupewa zaka. Mwalimu fukara pia anaweza kupewa, kwa ufukara wake. Lakini zaka isihesabiwe kuwa mshahara. Ukimdai mtu kazi kwa zaka yako, hujatoa zaka, umeajiri. Fungueni madaftari mawili, na anayetuma pesa aulizwe: hii ni ipi?

Ya tatu ni wakfu, na hii ndiyo tunayotaka kukaa nayo kidogo.

Msingi wake ni kisa maarufu cha Sayyidna Umar na shamba lake la Khaybar: alipomwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri, alielekezwa aishike asili na atoe mazao. Mali ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Kinachotumika ni kipato chake. Wengi wetu tukisikia wakfu tunawaza nyumba za mawe za Mji Mkongwe, tukaona ni jambo la matajiri. Lakini Pwani watu wameweka wakfu mnazi mmoja mmoja.

Tufanye kwamba madrasa ina kiwanja kinachotazama barabara, na kamati badala ya kuongeza darasa la tatu imejenga fremu mbili za duka. Kila fremu inakodishwa kwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 2,400,000. Toa sehemu moja ya kumi kwa matengenezo, yaani 240,000. Toa tena 200,000, kwa kuwa fremu moja inaweza kukaa miezi miwili bila mpangaji. Zinabaki 1,960,000, ambazo ni kama 163,000 kwa mwezi. Watoto arubaini, kumi wamesamehewa, thelathini wanatoa 3,000 kila mmoja: 90,000. Jumla mwalimu anapata takribani 253,000 kila mwezi, Ramadhani iwepo isiwepo. Hesabu hii ni ya mfano. Weka namba za mtaa wako. Si mshahara wa kutajirisha mtu, ila ustadhi anayejua kwamba tarehe tano atapata kitu ataacha bodaboda jioni.

Njia hii imewahi kujaribiwa kwa mpango. Mombasa, mwaka 1986, Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, alianza kazi na jumuiya za Waislamu kuanzisha shule za awali zilizochanganya malezi ya dini na maandalizi ya shule, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mpango huo ukaingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Waliouendesha waligundua mapema kwamba shule hufunguka kwa shangwe na kudhoofika kwenye malipo ya walimu. Wakabuni mitaji midogo ya kudumu: jumuiya inachanga sehemu, mpango unaongeza, mtaji unawekezwa, na faida yake inasaidia malipo. Haikumaliza tatizo lote, faida ya uwekezaji hupanda na kushuka. Ila fikra ni ile ile ya shamba la Khaybar.

Anayeweka wakfu aandike. Wakfu wa mdomo hufa na shahidi wa mwisho, na wajukuu wakija na hati ya kiwanja mnabaki mnatazamana. Hati itaje mali yenyewe, mipaka yake, kipato kiende wapi, nani msimamizi, na msimamizi akifa au akikosa uaminifu achaguliwe vipi mwingine. Zanzibar, mali hizi ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kenya, wapo Makamishna wa Wakfu. Tanzania Bara, njia ya kawaida ni mali kushikwa na wadhamini waliosajiliwa RITA, kwa Kabidhi Wasii Mkuu, chini ya Sheria ya Udhamini, Sura ya 318.

Karatasi na saini

Hapa hatutakaa sana. Taasisi isajiliwe: Tanzania Bara, jumuiya za dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, Zanzibar ni kwa Mrajis, na Ofisi ya Mufti nayo ijue kwamba madrasa ipo. Akaunti ya benki iwe kwa jina la taasisi, na watia saini wawe watatu wasiotoka nyumba moja. Namba ya simu ya kupokelea michango isiwe ya katibu binafsi. Katibu akihama, akioa, akikorofishana na mwenyekiti, namba inaondoka naye.

Mapato na matumizi ya kila mwezi yabandikwe mlangoni, kwa maandishi yanayosomeka, ukutani ambapo wazazi wanasubiri watoto. Tumeona kamati zikibishana wiki nzima juu ya jambo hili dogo, na wanaolipinga zaidi huwa na sababu zinazoeleweka.

Mtoto awe salama

Mzazi anayemwachia mwalimu mwanawe anaweka amana kubwa kuliko fremu mbili za duka. Kwa hiyo sehemu hii isomwe kwenye kikao cha wazazi kwa sauti, isiishie kwa katibu.

Tuanze na bakora. Wapo wanaosema bila bakora hakuna chuo, na kwamba wao wenyewe walipigwa na wakahitimu. Wengi walipigwa na wakakimbia. Hao hawapo kwenye kikao kutoa ushahidi. Ibn Khaldun, aliyefariki Cairo mwaka 1406, alitenga sura katika Muqaddima yake kueleza kwamba ukali huwadhuru wanaofundishwa, hasa wadogo: mtoto anayelelewa kwa mabavu hujifunza uongo na hila ili ajiokoe, na tabia hiyo hukua naye. Hiyo si nadharia iliyoletwa na shirika la kigeni. Ni maneno ya Mwislamu, kadhi, wa zaidi ya miaka mia sita iliyopita.

Sheria za nchi nazo zipo. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, Zanzibar ina Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011, na Kenya ina Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Zote zinamkinga mtoto na ukatili, na madrasa haina msamaha wa kuwa nje ya sheria kwa kuwa inafundisha dini.

Kuna jambo zito zaidi ya bakora, na tutalisema wazi. Mtu mwenye nia mbaya kwa watoto hutafuta kazi iliyo karibu na watoto na yenye heshima ya kutosha kuzuia maswali. Kilemba na kanzu havimthibitishi mtu. Kabla ya kumpokea mwalimu mgeni, kamati iulize alikotoka, ipige simu huko, izungumze na imamu wake wa zamani na pia na mzazi mmoja wa huko. Darasa liwe na madirisha yaliyo wazi. Mtoto asibakizwe peke yake na mtu mzima yeyote, kwa somo la ziada, kwa adhabu wala kwa kisomo cha kumwondolea maradhi. Wasichana wawe na mwalimu wa kike, na asipopatikana, mama mmoja wa kamati akae ndani ya darasa zamu kwa zamu. Choo cha wavulana na cha wasichana viwe mbalimbali, na visiwe nyuma ya kichaka.

Dakhalia, yaani madrasa ya kulala, ina masharti yake. Kuwalaza na kuwalea watoto wa watu kunahitaji kibali cha mamlaka za ustawi wa jamii, hata kama kila mzazi ameridhia. Mzazi uliyeletewa habari kwamba kuna mahali mbali ambapo mwanao atahifadhi Qur’ani bure, nenda mwenyewe ukaone alipolazwa, anachokula, na nani analala naye chumba kimoja. Ukiambiwa wageni hawaruhusiwi, rudi na mwanao.

Mtoto akikueleza jambo, msikilize mpaka amalize. Usimwite mwalimu mje mlizungumze mbele yake. Usikubali kikao cha wazee cha kusuluhisha. Kosa la jinai halisuluhishwi barazani, na fidia ya mbuzi haimtibu mtoto. Piga 116, simu ya mtoto, haina malipo, Tanzania na Kenya. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa afisa ustawi wa jamii. Zanzibar kuna vituo vya Mkono kwa Mkono hospitalini. Kama ameumizwa, asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla hajaonwa na daktari. Na ikiwa wewe si mzazi wake, hilo halikutoi kwenye wajibu: sheria ya Bara inamtaka kila mwanajamii mwenye habari za haki ya mtoto kuvunjwa azifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa.

Utajuaje kama mwanao anasoma

Mzazi: “Ustadhi, mwanangu kafika wapi?”

Ustadhi: “Anaendelea vizuri, mama Salma. Yuko Amma.”

Jibu hili halijakwambia kitu. Juzuu Amma, ya thelathini na ya mwisho, ina sura 37, na watoto wetu, baada ya Fatiha, huzisoma kuanzia chini kupanda juu: An-Nas, Al-Falaq, Al-Ikhlas, hadi An-Naba. Mtoto aliye An-Nas na aliye An-Naba wote “wako Amma,” na kati yao kuna safari. Uliza sura, kisha uliza aya.

Kipimo cha nyumbani kipo, na hakihitaji uwe msomi. Fungua msahafu mahali ambapo mwanao hajafika na mwambie asome mstari mmoja. Akisoma polepole, akiunganisha herufi na irabu, hata kama anakosea, anajua kusoma. Akikutazama na kuanza kughani sura nyingine anayoijua, amekariri kwa sikio. Kukariri ni neema, lakini mwalimu anapaswa kujua kwamba bado hajasoma, na wewe pia. Kisha muulize maana ya Fatiha kwa Kiswahili. Tafsiri kamili ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy ipo tangu mwaka 1969, na haina sababu ya kukaa kabatini.

Uliza pia ratiba. Watoto wengi wanatoka shule wamechoka, wanaingia madrasa baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Saa moja na nusu ya kusoma kweli inatosha. Saa tatu za kukaa kwenye jamvi wakisubiri zamu zinawachosha na kuwafundisha utundu. Na mtoto mwenye uoni hafifu au mzito wa kusikia mara nyingi hugundulika madrasa kwanza, kwa kuwa ni hapo anaposomeshwa peke yake, uso kwa uso. Mwalimu akikwambia mwanao anasogeza msahafu puani, mpeleke hospitali kabla hujamwita mvivu.

Kijana akishahitimu

Mahafali yamefanyika, wali umeliwa, kijana amevishwa joho. Ana miaka kumi na minne. Wiki inayofuata haonekani madrasa, na hakuna anayemtafuta, kwa sababu amemaliza.

Hapo ndipo maswali yake yanaanza. Anabalehe, na fiqhi ya twahara aliyoisoma utotoni kwa kukariri sasa inamhusu mwilini. Anaingia kwenye simu na kukuta mashekhe mia, mmoja anaharamisha alichohalalisha mwingine, na hakuna aliyemfundisha namna ya kupima. Anaanza kushika pesa: anakopa kwenye simu, anacheza kamari ya mpira, anauza kwa mkopo. Babu anafariki na wajomba wanagombania nyumba huku yeye hajui hata mafungu ya mirathi.

Madrasa zinazowashika vijana wa umri huu tulizoziona zina jambo moja linalofanana: zimeacha kuwafundisha kama watoto. Darsa ni mara moja au mbili kwa wiki, baada ya Isha au Jumamosi asubuhi. Kijana anaruhusiwa kuuliza, hata swali linalomfanya mzee mmoja akohoe. Wasichana wana darsa yao na wakati wao, si wa kubanwa mwishoni baada ya wavulana kumaliza. Masomo ni miamala, ndoa, mirathi, sira, na adabu ya kutofautiana. Wenye uwezo wanasaidia kusomesha wadogo, chini ya jicho la mwalimu, nao walipwe chochote. Mashindano ya kuhifadhi Qur’ani, ambayo Dar es Salaam hujaza uwanja mzima wakati wa Ramadhani, yanawapa vijana hamu, na ni jambo jema. Ila kamati isielekeze nguvu zote kwa mshiriki mmoja anayeweza kuleta zawadi, wakati wenzake thelathini na tisa wanasubiri zamu kwenye jamvi.

Maswali tunayoulizwa

*Niko nje ya nchi. Nitajuaje kama pesa zangu zimefika?*
Usitume kwa mtu, tuma kwenye akaunti ya taasisi. Omba picha ya karatasi ya mapato na matumizi iliyobandikwa mlangoni, siyo picha ya watoto wakishika bango lenye jina lako. Watoto si tangazo, na picha zao zisitumwe bila wazazi kuridhia. Na ukiweza, sema: nitalipa posho ya mwalimu kwa mwaka. Kamati itashtuka kidogo, kwa kuwa haijazoea.

*Mfadhili anataka kutujengea madrasa ya ghorofa. Tumkatalie?*
Msimkatalie. Mwambieni ghorofa ya chini iwe fremu za kukodisha, na hati iandikwe kwamba kodi yake ni ya walimu.

*Walimu wa kujitolea tunao. Kwa nini tuwaharibu kwa pesa?*
Anayejitolea mwaka mmoja ana msukumo. Anayejitolea miaka kumi ana mke anayeuza vitumbua ili nyumba iende. Muulizeni huyo mke.

*Mwalimu wetu amezeeka, macho hayaoni, hawezi tena kusomesha. Tumfanyeje?*
Hili lilipaswa kuulizwa alipokuwa na miaka arubaini, lakini bado kuna la kufanya. Kwa walimu vijana mlio nao sasa, kamati iwaandikishe NSSF, ambako wanaojiajiri na walio nje ya ajira rasmi hupokelewa, na ichangie sehemu kila mwezi pamoja nao. Kwa mzee wenu, fungueni hati ya wakfu kama mnayo na mwangalie imesemaje. Wenye busara huandika humo fungu la mwalimu aliyestaafu. Kama hakuna kitu, itisheni kikao cha wale aliowasomesha. Wapo wenye maduka, wapo serikalini, wapo ughaibuni. Wapangiane zamu ya mwezi mwezi, na orodha ibandikwe mlangoni pamoja na ile ya mapato na matumizi.